Kwa nini Spider-Man anaanzaka upya kila mara?

Wandugu, kila filme mpya ya Spider-Man ikitangazwa, maneno ni yaleyale: "Hollywood wameishiwa mawazo." Mimi pia nilikuwa nasemaka hivyo. Kijana anaumwa na buibui, anapata nguvu, anaruka juu ya majengo ya New York: hadithi tunaijua kama sala. Tobey Maguire aliicheza 2002, Andrew Garfield 2012, Tom Holland 2017 akapewa filme yake. Miaka 15, vijana watatu, jina lile lile.

Lakini ukifuata feza, utaona mawazo hayakukosekana. Kuna karatasi moja njo ilikuwa inaamuru.

Turudi nyuma kidogo. Spider-Man alizaliwa 1962 ndani ya kitabu cha katuni, kazi ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Mwenye mali hakuwa hata mmoja wao, alikuwa mchapishaji, ile kampuni tunaita leo Marvel. Mwisho wa 1996 Marvel ikafilisika, ikakimbilia tribinali ili wadai wasiimalize. Kampuni yenye njaa inauza hata mbegu. Mwaka 1999 Sony wakachukua haki ya kutengeneza filme za Spider-Man. Bei inayotajwa ni kama dola milioni 10, pamoja na sehemu ndogo ya mapato. Filme ya kwanza peke yake ililetea dunia nzima zaidi ya dola milioni 800. Hesabu wenyewe.

Sasa, ndani ya ule mkataba kulikuwa kifungu. Tulikijua vizuri kisha wezi wa kompyuta kuingia Sony mwaka 2014 na kumwaga barua na karatasi zao zote nje. Kinasema hivi: toka filme moja itoke, Sony wako na miaka 3 na miezi 9 ya kuanza kupiga inayofuata, na miaka 5 na miezi 9 ya kuitoa. Wakipitisha, Spider-Man anarudi kwa Marvel, bure.

Angalia tarehe. Spider-Man 3 ilitoka mwezi wa 5, 2007. Sam Raimi, aliyepiga zile tatu za kwanza, alikuwa anatayarisha ya nne, lakini senario haikukaa sawa, na mwezi wa 1, 2010 kazi ikasimamishwa. Saa haisimami, yeye. Sony wakaacha kila kitu, wakatafuta kijana mwingine, wakaanza hadithi toka mwanzo. Filme ikatoka mwezi wa 7, 2012: miaka 5 na miezi 2. Walibakiza kama miezi 7.

Sisi tuliosoma kilimo, jambo hili halitushangazi. Huku Congo, mtu akipewa konsesyo na asifanye kitu juu yake, Serikali inaweza kuirudisha. Ndiyo maana unakuta mahali mtu amepanda mikaliptusi mistari miwili mitatu, si kwa kupenda miti, ni juu ya karatasi. Filme zingine ni ile mikaliptusi. Mwaka 1994 kulikuwa hata Fantastic Four ya bei ndogo sana, iliyotengenezwa haraka haraka kabla haki hazijaisha kwa mzalishaji Mjerumani Bernd Eichinger. Haikutolewa kamwe katika sinema. Wachezaji maskini walikuwa wanangoja usiku wao wa kwanza!

Mtu ataniuliza: na wale wenye mali yao wenyewe, wasiosukumwa na saa yoyote, wao mbona wanarudilia? Hapo njo feza inaingia wazi. Tuseme filme imekula dola milioni 200. Matangazo ya dunia nzima yanaweza kula 100 zingine. Na pesa ya tiketi haiingii yote studio. Karibu nusu inabaki kwa wenye sinema. Basi ile filme inapashwa kuuzisha tiketi za milioni 500, ao 600, ili tu isianguke. Ukiwa na deni la namna hiyo, je, utaweka jina ambalo hakuna mtu analijua? Jina jipya unapashwa kwanza kulifundisha watu. Spider-Man, hata mtoto wa Kadutu anamjua.

Zamani kulikuwa mto wa kulalia: DVD. Filme ya kati, ya dola milioni 20 ao 30, ingeweza kuanguka katika sinema, kisha ijilipe nyumbani kwa watu. Mchezaji Matt Damon alieleza jambo hili mwaka 2021 na wengi walifunguka macho: DVD ilipokufa, ile mapato ya pili ikaenda nayo, na filme za kati zikakosa mlipaji. Mkulima mwenye mashamba kumi anaweza kujaribu mbegu mpya kwenye kona. Mwenye shamba moja hajaribu. Studio zilichoma zile kona zao zenyewe, wakabaki na mashamba makubwa machache ya gharama kali.

Na jina peke yake halitoshi. Sony walichukua majirani wa Spider-Man katika vitabu, wakatoa Morbius 2022 na Madame Web 2024, bila yeye mwenyewe. Zote mbili zilianguka vibaya. Lakini mwisho wa 2021, No Way Home iliwakutanisha Maguire, Garfield na Holland ndani ya filme moja, ikaleta zaidi ya dola miliari 1.9, na Covid ingali mlangoni. Ona vile biashara ilivyo na akili: kule kuanza upya tulikokuwa tunalalamikia, wenyewe wakatuuzia tena kama kumbukumbu. Na tulilipa. Mimi nililia kidogo, sitadanganya.

Kwa wenzetu wanaoandika senario na katuni, nataja mtu mmoja wa mwisho. Ryan Coogler alianza 2013 na filme ndogo, Fruitvale Station, kisha akafanyia studio kazi ya majina yao: Creed 2015, Black Panther 2018. Aliporudi na hadithi yake mwenyewe, Sinners, ya 2025, hakuomba tu pesa. Aliomba kwamba kisha miaka 25 filme irudi kwake. Wakubwa wa Hollywood walinung'unika kwa sauti juu ya kifungu hicho kuliko juu ya bei. Warner Bros. wakakisaini. Filme ilikula kama dola milioni 90, ikaleta zaidi ya 360, bila buibui wala nambari 2 kwenye jina. Mwaka 2050 itakuwa ya Coogler.