Unamtaka ‘Alfa’? Soma Hapa Kwanza!

Juzijuzi nilikuwa saluni hapa Moshi mjini. Dada mmoja kwenye kiti cha jirani alikuwa kainamia simu mpaka msusi akamgombeza: “Dada, inua kichwa bwana!” Kumbe yuko ndani ya hadithi ya mapenzi. Jamaa wa humo ni ‘alfa’: mrefu, mkali, ana wivu, akinguruma kila mtu anainama.

“Huyu sasa ndiye mwanaume,” akatuambia. Halafu akaongeza, “Hata wangu yuko hivyo hivyo. Hii simu yenyewe nimeazima. Yangu kaipasua ukutani, kisa nimepigiwa na mfanyakazi mwenzangu.”

Saluni nzima ikacheka. Mimi nilishindwa.

Mpenzi msomaji, kama huzijui, hadithi hizi huitwa omegavesi. Zilianza karibu mwaka 2010 kwa mashabiki wa tamthilia ya Kimarekani, Supernatural. Humo watu wamegawanywa kama kundi la mbwa mwitu: alfa anatawala, beta ni wa kawaida, omega yuko chini. Kuzisoma si kosa, zinanoga kweli! Kosa ni kuzifanya kipimo cha mume. Hebu tuyaangalie mambo matano tunayodanganyika nayo.

1. Alfa hupatikana kwa kupigana
Mwaka 1947 mtaalamu Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Ukiwafungia pamoja namna hiyo, watakosaje kugombania ukubwa? Mmarekani David Mech akaieneza dhana hiyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye aliwafuatilia walio huru porini, na mwaka 1999 akaandika wazi: kundi ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Huyo ‘alfa’ ni mzazi! Hata mbwa mwitu wetu wenye mabaka, kama wale wa Mkomazi kule Same, wakipata windo huwaachia watoto wale kwanza.

2. Mwenye kelele ndiye mwenye nguvu
Kule Gombe, Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe aitwaye Mike, ambaye hakuwa na cheo chochote. Mwaka 1964 Mike akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa. Akawa anayaburuza na kuyabamiza huku akiwakimbilia wenzake, nao wakatawanyika kwa hofu. Akawa mkubwa wa kundi bila ubabe wa ngumi. Sasa jiulize, huyo wako anayegonga meza na kupiga kelele ana nguvu, au ana debe? Wahenga walishasema, debe tupu haliachi kutika.

3. Akipandisha hawezi kujizuia
Kwenye hadithi, alfa akishikwa na wivu au hamu, akili inaruka. Hapo mwandishi kaamua iwe hivyo, ni dunia yake. Lakini mumeo anayepasua simu yako, mbona ya bosi wake haipasui? Anajizuia vizuri tu, anapotaka. Na ajue kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, awe mume au mke.

4. Alfa haombi msamaha
Hapa Wachaga tuna la kusema. Ule mmea wa sale unaouona kwenye mipaka ya vihamba, si mpaka tu. Aliyekosa hubeba jani lake akaenda nalo kwa aliyemkosea, na mila inataka asikilizwe. Wazee wenye heshima zao, wenye migomba na ng’ombe, wamelibeba jani hilo. Hakuna aliyewaita dhaifu. Ila jani si ruhusa ya kurudia kosa kila wiki!

5. Alfa lazima awe mwanaume
Hata kwenye omegavesi wapo alfa wa kike. Porini nako, nenda Ngorongoro ukawaone fisi: majike ndiyo yanayotawala, na mtoto hurithi cheo cha mama. Sikufananishi na fisi, dada yangu! Lakini pita sokoni Mbuyuni asubuhi, ndizi zikishushwa kutoka milimani, usikilize nani anapanga bei.

Sasa ufanyeje?
Endelea na hadithi zako. Ila ukifunga simu, mpime wa nyumbani kwa maswali haya: watoto wakisikia anafungua geti wanamkimbilia au wanajificha? Unaweza kumwambia “hapana” na ukalala usingizi? Akikosea, anakiri? Kama majibu yanakutisha, usiyafiche kwa kicheko cha saluni. Zungumza na mshenga, mzazi au mchungaji unayemwamini. Akiinua mkono, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi.

Yule dada tulitoka naye. Nikamuuliza kama siku ile simu inapasuka aliogopa. Akakaa kimya mpaka tukakaribia stendi, ndipo akasema, “Niliogopa. Na mtoto alikuwa anaangalia.” Hakupanda daladala ya kwake. Alipanda ya Marangu, kwa mama yake, akazungumze.