Maelezo ya Zana kwa Mawakala wa Akili Mnemba

Wakala wa akili mnemba ni programu iliyopewa ruhusa ya kutenda kwa niaba ya mtu. Wakala huyo haoni utendaji wa ndani wa zana anazopewa. Husoma tu jina la zana, maelezo yake, na vitu inavyodai. Kwa hiyo kosa la maneno huwa kosa la tendo.

Mfano ulio dhahiri ni Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanzishwa mwaka 2016. Huko njia moja hutangaza habari kwa watu wote na pia hupeleka ujumbe kwa mtu mmoja. Kinachotofautisha ni neno moja tu la kuonyesha wasomaji. Tena, chaguo ambalo jina lake la Kiingereza lina maana ya “faragha” huwafikia wafuasi wote wa mwandishi.

Basi maelezo yasemayo “Hutuma ujumbe” ni sahihi kisarufi, lakini hayamtaji apokeaye. Kiswahili kina kauli ya kutendea, nayo yafaa itumiwe: “Humwandikia mtu aliyetajwa, wengine hawapelekewi.” Zana ya pili ielezwe mbali: “Hutangaza kwa watu wote. Isitumiwe kabla mwenye akaunti hajakubali.” Na jina la “faragha” lifuatwe na maana yake: “wafuasi wote”.

Uangalifu huu si anasa. Tangazo likifutwa, nakala zake huenda zimekwisha kufika katika seva nyingine, na hapana hakika kwamba zote zitaondolewa.