Uzazi na Kazi ya Mushahara

Watu wanasema mwanamuke wa ndoa anabaki nyumbani kwa sababu bwana yake anamukataza kufanya kazi. Mara nyingi ni kweli. Lakini iko sababu ingine: mwili wenyewe.

Tuangalie inchi ya Marekani. Mwaka 1930, kati ya wanawake 100 wa ndoa, kama 12 tu walikuwa na kazi ya mushahara. Wakati ule, kwa watoto 10,000 waliozaliwa, zaidi ya mama 60 walikufa. Homa ya uzazi iliwaua wengi, na kutoka damu vilevile. Na wale waliopona? Wengine walipasuka na hawakushonwa vizuri, wengine mukojo uliwatoka wenyewe muchana na usiku. Mama wa namna hii atasimama siku nzima mbele ya mashini namna gani?

Katika miaka ile ile ya 1930 dawa za sulfa zikafika. Mwaka 1937 hospitali moja ya Chicago ikaanza kuweka damu ya akiba. Nyuma ya vita, penisilini ikapatikana kwa watu wote. Mwaka 1960 mama waliokufa walikuwa kama 4 tu kwa watoto 10,000, na wanawake wa ndoa wenye kazi walifika kama 31 katika 100. Dawa peke yake haikufanya yote, masomo na kazi za biro zilisaidia pia. Lakini mama mugonjwa hasomi, wala haendi ku biro.

Maziwa ya kopo nayo yaliwasaidia kurudi ku kazi mbio. Hapa ujichunge! Mahali maji ni machafu, biberoni inaleta kuhara, na kuhara kunaua mutoto. Afazali ukamue maziwa yako asubuhi katika kikombe safi, ukifunike, ukiweke mahali pa baridi. Yatumike mbele ya saa ine kupita, na mwenye kulea amunyweshe mutoto na kikombe. Ukiwa na kazi ya mushahara, ujue kwamba sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inakupa juma 14 za uzazi, na nusu saa mara mbili kila siku kwa kunyonyesha. Uombe bila haya.

Na kama mukojo unakutoka tangu ulipozaa, usijifiche nyumbani. Pengine ni ugonjwa unaoitwa fistula, na munganga anaupasua. Mama wengi wamepona, wamerudi ku soko na ku shamba. Mwambie muuguzi leo, hata kwa sauti ya chini.