Diski ya Pili Iende Handeni

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mpiga picha wa Korogwe ambaye harusi za wateja wake zilihifadhiwa kwenye seva za ng'ambo alikuwa na bando kamili kwenye simu na bado faili hazishuki. Mwenzake aliyeziweka kwenye mashine ndogo chini ya meza aliendelea na kazi, maana faili inayotoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma haipiti baharini.

Mashine hiyo ndogo wauzaji huiita NAS. Ni kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, yenye diski moja au zaidi, inayochomekwa kwa waya kwenye ruta ili simu na kompyuta zote za nyumbani ziweke na kuchukua faili mahali pamoja. Wanaoihitaji Korogwe na Handeni ni wengi: mwenye studio, mwenye steshenari anayetunza kazi za wateja, mwalimu mwenye mitihani ya miaka kadhaa, familia iliyojaza video za watoto kwenye simu nne. Shida huanza kwenye uchaguzi. Miongozo mingi ya ununuzi inayosambaa imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo inaanzia kwenye idadi ya diski. Mnunuzi wa huku aanzie kwenye soketi ya ukutani.

Wilaya ya Korogwe ina kituo chake cha umeme wa maji, Hale, kilichoanza mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Ujirani huo haumpi mkazi upendeleo wowote, kwa kuwa umeme wa Hale huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, na mgao ukija, unakuja kwa wote. Walioishi miezi ya mwisho ya 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, hawahitaji kukumbushwa.

Diski ya kawaida ya NAS huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mara nyingi kinachoharibika si chuma chenyewe bali ile orodha inayoiambia mashine faili gani iko wapi. Picha zipo, ila mashine haijui zilipo. Umeme ukirudi kwa kishindo, adapta ya boksi huwa ya kwanza kuungua, na hapo mwenye mali hudhani diski imekufa.

Kwa sababu hiyo, mwenye mfuko mdogo asikimbilie boksi jipya. Atafute kwanza kompyuta mpakato ya zamani ambayo betri yake bado inashika chaji hata kwa nusu saa. Kioo kikiwa kimepasuka si neno. Kibodi ikiwa imekufa nusu, si neno pia. Betri yake ndiyo kinga ya umeme ambayo wenye boksi la kisasa hulazimika kuinunua kando kwa jina la UPS. Programu ya OpenMediaVault hupatikana bure na huigeuza kompyuta ya namna hiyo kuwa NAS kamili. Asiyetaka usumbufu anaweza kubaki na Windows na kushirikisha folda moja tu. Mambo mawili yasisahaulike: mashine ipangwe isilale kifuniko kinapofungwa, na betri iliyovimba itolewe mara moja, kwa sababu ni hatari ya moto.

Wapo watakaopendelea Raspberry Pi. Toleo la 4, lililotoka Juni 2019, lina USB ya kasi na mlango wa mtandao wa gigabiti 1, na linakula umeme kidogo mno. Ni chaguo zuri kwa mwenye subira ya kujifunza, mradi alipatie chanzo cha umeme cha uhakika. Chaja ya simu iliyookotwa kabatini itamtesa. Kuchomeka diski kwenye mlango wa USB wa ruta ni njia ya mkato inayofaa kwa filamu na si kwa kazi ya mteja. Ruta nyingi husukuma faili polepole, na umeme wa mlango huo mara nyingine hautoshi kuzungusha diski. Diski ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja inayofikia gigabaiti 4 hukataliwa kabisa. Video ya harusi isiyokatwa hufika hapo mapema.

Boksi halisi la NAS la diski mbili lina faida zake: halina kelele nyingi, lina programu iliyokwisha kupangwa, na mtu asiye fundi anaweza kuliendesha. Mnunuzi apige hesabu ya LUKU kwanza. Boksi linalotumia wati 20 usiku na mchana hula uniti 14.4 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu moja ya tano ya posho yote, na friji bado haijawashwa.

Tukija kwenye hizo diski mbili, ndipo pesa nyingi hupotelea. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski kadhaa za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana hivi kwamba moja ikifa, kazi isisimame. Wazo hilo, RAID, ni zuri na limehudumia dunia kwa miongo. Walichokuwa wakikipigania ni mashine isisimame. Mnunuzi wa boksi la diski mbili hulielewa vingine: anadhani ana nakala ya akiba. Hana. Mwanawe akifuta folda kwenye diski ya kwanza, inafutika kwenye ya pili papo hapo. Mwizi hubeba boksi zima. Radi ikiingilia kwenye waya wa antena hadi ruta, na kutoka ruta hadi boksi, haichagui diski.

Hesabu ya busara, basi, ni hii: mtu mwenye uwezo wa kununua diski mbili aweke moja tu ndani ya mashine, na nyingine aipeleke mbali. Barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni ina kilomita 65 hivi. Mwenye ndugu upande wa pili ana hazina ambayo hailipiwi kila mwezi: diski ya nje, iliyojazwa, ikafungwa vizuri ndani ya mkoba wa msafiri anayeaminika. Kupandisha gigabaiti 500 kwenye seva za ng'ambo kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kungechukua zaidi ya siku tisa bila kupumzika, na bando lingekwisha zamani. Basi linafika kabla ya chakula cha mchana.

Studio mbili zinaweza hata kubadilishana diski kila mwezi, wa Korogwe akamtunzia wa Handeni na wa Handeni akamtunzia wa Korogwe, kila mmoja akiwa ameifunga yake kwa nywila. Nywila si mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na picha ya bibi harusi ni taarifa ya mtu.

Kuhusu diski yenyewe, jina kubwa halitoshi. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilitumia SMR, mbinu ya kupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa. Diski za namna hiyo huandika vizuri mwanzoni kisha huchoka zikipewa kazi ndefu. Mwanzoni mwa 2025 nako Ulaya kukagundulika diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, baada ya kumbukumbu zake za matumizi kufutwa. Anayenunua Korogwe, Tanga au Kariakoo aombe kuichomeka diski kwenye kompyuta ya dukani na kuifungua kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure, kabla ya kulipa. Kinachoangaliwa ni saa za kuwashwa, ingawa nazo huweza kufutwa, sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri kuhamishwa. Hizo mbili za mwisho zikiwa juu ya sifuri, bora kurudisha hela mfukoni. Flashi ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya chipsi kuku haina haja hata ya kupimwa.

Siku ya hitilafu ikifika, mkono wa kwanza usiende kwenye bisibisi. Mara nyingi diski ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Kasi ikishuka ghafla, kebo itazamwe. Ndani yake kuna nyaya nane, na gigabiti 1 inazihitaji zote. Waya mmoja ukikatika kwa panya au kwa mguu wa kiti, mashine mbili huweza kukubaliana kimya kimya kushuka hadi megabiti 100. Kwa kasi kamili, gigabaiti 500 huhama kwa saa moja na robo hivi. Kwa kasi iliyoshuka, kazi hiyohiyo hupita saa 12. Kebo mpya ya mita mbili imewahi kuponya NAS nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kifo.

Umeme ukirudi na NAS isionekane, ajuaye huangalia namba. Ruta hugawa anwani upya, na mashine iliyokuwa 192.168.1.20 jana inaweza kuamka ikiwa 192.168.1.35. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuitengea NAS namba moja ya kudumu. Namba ikianza na 169.254, maana yake mashine haikuipata ruta kabisa: ama kebo imechomoka, ama NAS imeamka kabla ya ruta. Kuizima na kuiwasha tena baada ya dakika tano hutosha.

Simu inaiona NAS lakini kompyuta mpya haiioni? Hapo wa kulaumiwa ni Windows, na ana sababu zake. Baada ya kirusi cha WannaCry kuenea duniani Mei 2017, Microsoft iliacha kuweka lugha ya zamani ya kushirikisha faili, SMB1, kwenye Windows 10 zilizofuata. Toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, likaongeza ukali kwa folda zinazofunguka kwa mgeni asiye na nywila. Mafundi wengine huifufua SMB1 ili mteja aondoke akitabasamu. Wanamrudishia mlango uleule ambao WannaCry iliingilia. Njia sahihi ni kuisasisha NAS, kisha kumtengenezea kila mtumiaji jina na nywila yake.

Joto na vumbi la Handeni vina sehemu yao. Diski inayopita nyuzi 50 mara kwa mara inaomba msaada. Itolewe ndani ya kabati la televisheni, iwekwe kwenye rafu inayopitisha hewa, na feni isafishwe kwa brashi laini.

Diski ikianza kugonga, tak, tak, tak, izimwe hapohapo, kwa kuwa kila kuiwasha tena huzidi kuikwangua. Kosa lililo baya kuliko yote hutokea kwingine: boksi limekufa, fundi anachomoa diski nzima kabisa na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows, na ujumbe unatokea ukimwomba aifomati. NAS nyingi hupanga diski zake kwa mfumo wa ext4 au Btrfs, ambao Windows haiusomi. Diski haina kasoro yoyote. Akikataa na kuiwasha kompyuta hiyo kwa Linux kutoka kwenye flashi, mara nyingi atazikuta picha zote. Akikubali, kazi ya kuzirudisha inakuwa ngumu na ghali.

Limebaki suala la kufungua NAS ionekane kutoka nje ya nyumba. Juni 2021, wamiliki wa My Book Live, diski ya mtandao ya Western Digital, sehemu mbalimbali duniani walikuta vifaa vyao vimefutwa kwa mbali. Kifaa hicho kilikuwa hakijapata sasisho tangu 2015. Januari 2022, wahalifu waliojiita Deadbolt walifunga faili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti na kudai bitikoini 0.03 kwa kila moja. Mwenye studio ya mtaani hana sababu ya kujiweka kwenye foleni hiyo. Azime huduma ya kufikiwa kutoka mbali, aache mashine iwasikilize wa ndani tu. Kisha wiki hii achague harusi moja ya mwaka jana na kuifungua kutoka kwenye ile diski iliyoko Handeni, picha kwa picha, kabla mteja hajaja kuiulizia.