Diski yenye sakafu mbili

Nkoma, hapa Mbale, ni mtaa wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo mjini humu tangu 1988, na katika vyumba vya kupanga, kompyuta mpakato ndiyo mali ya kwanza inayotazamwa na mwizi. Ndani mna tasnifu, picha za nyumbani, barua za kazi. Aliyesimba diski yake humwachia mwizi chuma tu. Bila nywila, vilivyomo havisomeki.

Mgeni mwingine ni mgumu zaidi. Septemba 2017 polisi waliingia ofisi za shirika la ActionAid mjini Kampala, wakachukua kompyuta na simu. Mwenye mamlaka hahitaji kuvunja kufuli, anakuuliza ufunguo. Sheria ya Uganda ya 2010 kuhusu kunasa mawasiliano inaruhusu mtu atakiwe kuutoa. Uingereza, anayekataa aweza kufungwa miaka 2, na 5 kwa kesi za usalama wa taifa.

Ndiyo maana wajuzi walibuni diski yenye sakafu mbili. Programu ya TrueCrypt, iliyotoka 2004, na mrithi wake VeraCrypt hukubali nywila mbili: moja hufungua faili za kawaida, nyingine hufungua sehemu iliyofichwa. Ukibanwa unatoa ya kwanza, unaapa kwamba hakuna zaidi. Kihesabu ni kazi safi sana. Ila mwaka 2008 mtaalamu wa usimbaji Bruce Schneier na wenzake walionyesha kuwa Windows na Word huacha nyayo za faili zilizofunguliwa huko sirini: majina ya hati za karibuni, nakala za dharura.

Na kuna zito kuliko hilo. Anayekuhoji naye anajua kwamba programu hiyo ina sakafu ya pili. Wewe usiye na siri yoyote utathibitishaje kuwa chini hamna kitu? Utadaiwa nywila ambayo haipo, na ukiwa mikononi mwa wanaopiga, huna cha kuwapa wakuache. Kwa sababu hiyo simshauri mwanaharakati yeyote aweke maisha yake juu ya hila hii. Heri asiibebe kabisa orodha ya mashahidi wake safarini.

Kusimba kwenyewe tusikuache, lakini kuna kosa la kila siku. Kompyuta iliyofunikwa tu husinzia, na ufunguo hubaki katika kumbukumbu yake. Watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kuwa ufunguo huo unaweza kunaswa hata muda mfupi baada ya umeme kukatwa. Ewe mwanafunzi wa Nkoma, usiku wa leo usiifunike kompyuta yako. Izime.