Kabla Hujakata Bampa

"Shikamoo fundi. Nataka unikatie bampa, hii intakula ihamie mbele."

Kijana aliyesema hayo alikuja gerejini kwangu, Mwenge, na Subaru Forester ya tabo. Ndani ya buti kulikuwa na boksi la intakula kubwa na mabomba yake. Nikaitikia marahaba, kisha nikafungua boneti kabla sijagusa msumeno.

Tabo husukuma hewa kwa nguvu iingie kwenye injini. Hewa ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Hewa ya Dar yenye nyuzijoto 30, ikibanwa hadi mara mbili ya kanieneo yake, hutoka kwenye tabo ikiwa imepita nyuzijoto 100. Hewa hiyo ni nyepesi, na injini ya petroli ikiivuta hivyo inaweza kuanza kugonga, mwisho pistoni ikapasuka. Intakula ndiyo rejeta ya kupoza hewa hiyo.

Subaru waliilaza juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Hilux nyingi za dizeli za D-4D nazo ni hivyo. Faida yake ni bomba fupi: ukikanyaga mafuta, gari linaitika mara moja. Ubaya wake ni foleni. Gari likisimama, joto la injini hupanda na kuichemsha. Ukifika barabara nyeupe, utakwenda kwanza kidogo ndipo nguvu irudi.

Ya mbele hupata upepo safi na hupoa haraka. Timu ya Subaru iliihamishia mbele kwenye Impreza WRC, gari alilolitumia Colin McRae kushinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997. Lakini mbele kuna gharama. Mabomba yanakuwa marefu, maungio yanaongezeka, na kila ungio ni mahali pa kuvuja. Rejeta na kondensa ya AC vinabaki nyuma yake, vikipulizwa upepo uliokwisha kupata joto. Na kokoto ikiruka, yenyewe ndiyo ya kwanza kupigwa.

Nilimwuliza, "Mwanangu, gari hili linashinda wapi?"

"Mbagala na Posta, fundi. Injini ni ya kiwandani, sijaongeza kitu."

Nikamwita aje aone. Sponji inayoziba kati ya tundu la boneti na intakula ilikuwa imeoza, imebaki vipande viwili. Upepo uliokuwa upite katikati ya mapezi ulikuwa ukikwepa pembeni. Mapezi yenyewe yalikuwa yamelala, na ndani kulikuwa na utando wa oili. Nikaiosha, nikanyoosha pezi moja moja kwa bisibisi nyembamba, nikakata sponji mpya na kuibandika.

Tukatoka kulijaribu hadi Tegeta. Wakati wa kurudi aliendesha kimya, kisha akasema, "Fundi, mbona linavuta?"

Anayeongeza presha ya tabo, au anayekanyaga mafuta mfululizo kwa muda mrefu, huyo nitamfungia ya mbele kwa moyo mmoja, na rejeta yake nitaiangalia pia. Lakini gari la kiwandani linaloishi kwenye foleni lipewe kwanza haki yake: upepo ule ule wa kwenye boneti, upite pale ulipopangiwa kupita.

Boksi lile aliondoka nalo, bampa likiwa zima.