Mzee Aulizwe Rai Yake

Magharibi ya mji wa Moshi, katika wilaya ya Hai, ambako vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Machame na Masama vimepanda mlima hadi kwenye ukingo wa msitu, wachunguzi walipita vijijini zaidi ya miaka kumi iliyopita wakawapima wazee wapatao 1,200 waliotimiza miaka 70 na kuendelea, wakakuta kwamba takribani 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kudhoofika akili ambayo jamaa zao, pasipo nia mbaya, waliyaita uzee tu.

Maradhi hayo, ambayo namna yake iliyo mashuhuri ilielezwa na tabibu wa Ujerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, aghalabu huanza kwa kuidhuru ile sehemu ya ubongo iliyo ndani, usawa wa masikio, ambayo kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyatia katika hifadhi. Ndiyo sababu mgeni wa asubuhi husahauliwa adhuhuri, hali mambo ya ujanani, kama vile zamu za maji ya mfereji wa mfongo na siku za kupeleka kahawa kwenye ushirika wa KNCU ulioasisiwa mwaka 1933, yangali mahali pake. Maarifa ya mikono nayo yana hazina yake mbali, ambayo huchelewa zaidi kuguswa. Masama nilimwona bi mkubwa mmoja asiyejua siku wala mwezi, naye akipepeta ulezi wa pombe ya mbege: aliurusha, akaupokea, akauinamisha ungo kidogo makapi yakatoka, kisha akachopoa kwa ukucha kijiwe ambacho mimi, niliyekaa karibu naye na mwenye macho mazima, sikukiona.

Kwa hiyo naithamini sana kazi nyingine ya Hai, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Wataalamu waliichukua tiba ya mazungumzo iliyobuniwa Uingereza, wakaitengeneza upya ifuate maisha ya mlimani na iwafae hata wasiojua kusoma, wakawakusanya wazee 34 wenye maradhi hayo katika vikundi vidogo kwa vikao 14 vya majuma 7. Katika tiba hiyo kikundi hujichagulia jina na wimbo, huzungumza juu ya chakula, utoto, fedha na habari za siku, na kanuni yake kubwa ni kwamba mzee haulizwi anakumbuka nini bali anaonaje. Hapo ndipo penye hekima yote. Aulizwaye kumbukumbu ametahiniwa, na huenda akaaibika mbele ya watu, na akili iliyoingiwa na hofu ya aibu hujifunga hata kwa yale inayoyajua. Bali aulizwaye rai ametukuzwa, maana rai ni yake, wala hapana awezaye kumsahihisha. Vikao vilipokwisha, fahamu za wazee wale zilipimwa zikaonekana bora, na wasiwasi wao umepungua. Hawakupona, wala hadi leo hapana dawa ya kuyaponya maradhi hayo. Walipata nafuu kwa kusemeshwa.

Zamani mzee wa Kichaga hakuhitaji kutafutiwa kikao. Alasiri kata ya mbege ilizunguka, na palipotokea ugomvi wa mpaka, ambao alama yake ni mimea ya masale, yeye ndiye aliyeulizwa. Leo watoto wako Dar es Salaam na Arusha. Fedha za dawa hufika kwa simu, na mazungumzo ya kutwa nzima yamebaki mawili: umekula, umemeza vidonge. Vidonge vya shinikizo la damu visiachwe, kwani mishipa ya ubongo huharibika pasipo kelele. Lakini Desemba, watoto hao wanaporudi kwa sikukuu na magari kujaa migombani, mjukuu asisimame mbele ya bibi yake na kumwuliza, "Bibi, unanikumbuka mimi?" Na aseme, "Shikamoo bibi," ajitaje jina na jina la baba yake, kisha amwulize mbuzi huyu anamwonaje na ndizi zipi zitafaa mtori, na awe na subira ya kungoja jawabu. Na mkaza mwana aliyebaki nyumbani mwaka mzima, akimwogesha mama mkwe na kumtafuta usiku anapopotea kihambani, apewe siku hizo za sikukuu apumzike, na hao waliotoka mjini washike zamu.